Elimu ya Bahari ni Amana

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia Mtume wetu rehema na amani, napenda, ndugu msomaji, kusema nawe juu ya jambo ambalo sisi watu wa mwambao tumeanza kulipuuza, nalo ni elimu ya bahari. Nakusudia ile elimu waliyokuwa nayo manahodha wa zamani, ya kumtoa mtu Faza kwa chombo cha tanga, akafika katika visiwa vya matumbawe vya Wabajuni, kisha akarudi salama kwa watoto wake. Wako wasemao kwamba hiyo ni habari ya dunia tu, haina nafasi katika gazeti la dini. Mimi naona ina nafasi kubwa, na hoja yangu nitaieleza kwa yale niliyoyaona kwa macho yangu.

Visiwa hivyo vimepangika kama shanga za tasbihi kando ya pwani ya kusini ya Somalia, tangu kupita mpaka wa Kenya hadi kukaribia Kismayo. Mtu atokaye kusini hukutana na Chula, kisha Chovai, kisha Ngumi na Koyama, na pamoja navyo viko vingine vidogo visivyokaliwa na watu. Vyote ni mawe ya matumbawe ya kale yaliyoinuka kidogo juu ya maji. Havina mlima wala mto, na kwa ufupi wake baharia havioni mpaka awe karibu navyo. Upande wa bara maji yametulia. Upande wa nje pana miamba ambayo mawimbi ya Bahari ya Hindi huvunjika juu yake usiku na mchana. Wenyeji ni Wabajuni, Waislamu, wenye Kiswahili chao cha Kibajuni, na watu wa Faza, Kiwayu na Kiunga ni jamaa zao kwa damu na kwa ndoa. Mwaka 1925 Waingereza walipowapa Wataliano nchi ya Jubaland, mpaka ulipita katikati ya jamaa hawa. Walakini majahazi yaliendelea kwenda na kurudi, maana mpaka ulikuwa katika karatasi, na shangazi zetu walikuwa Chula.

Mimi nilikwenda huko mwaka 1409 Hijria, uliolingana na mwaka 1988, nikiwa kijana wa miaka 18. Mjomba wangu alikuwa nahodha, akipeleka boriti, nazi na sukari, na akirudi na papa na ng'onda. Nami nilipelekwa nikasome kwa mwalimu mmoja wa Chula aliyesifika kwa tajwidi. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kuwa mjomba hakuweka siku ya kuondoka kwa kutazama kalenda ya ukutani. Alihesabu hesabu mbili, moja ya jua na moja ya mwezi, na hakuinua nanga mpaka hesabu zote mbili zilipokubaliana.

Hesabu ya jua ni ya Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka. Tangu siku hiyo wazee wetu huhesabu siku kumi kumi, kila kumi moja wakiita mwongo, hata itimie miongo 36 na siku 5, ndizo siku 365. Kwa miongo hiyo walijua lini kusi litaanza, lini litakuwa kali hata vyombo vipandishwe pwani, lini litalegea na kuwa demani, na lini kaskazi litaingia. Upepo hufuata jua, nao haujui Muharram wala Safar. Atakaye kwenda visiwani hungoja kusi limsukume, na atakaye kurudi hungoja kaskazi.

Hesabu ya mwezi ni hii yetu ya Kiislamu, na hiyo ndiyo itoayo habari za maji. Mwezi uandamapo na mwezi uwapo mpevu ndio wakati wa bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu hujaa kiasi cha saa kumi, alasiri na alfajiri. Kila siku ipitayo maji huchelewa karibu dakika 50. Ufikapo mwezi saba au nane, na vilevile ishirini na mbili, huwa maji mafu. Hayajai sana wala hayapwi sana, na mkondo katika milango ya miamba hupungua nguvu. Kila mtoto wa chuo husoma katika Suratir-Rahmani habari ya jua na mwezi na hesabu yao. Mimi niliisoma nikiwa mdogo na kuihifadhi, lakini maana yake katika kazi ya mtu nilionyeshwa na mjomba pwani ya Faza, naye hakuwa amesoma ila juzuu chache.

Basi tuliondoka baada ya Sala ya Ijumaa, siku ya sita ya Muharram. Kusi lilikuwa limeanza kulegea. Usiku ule tulilala Kiunga, na kesho yake adhuhuri tukatweka tanga, tukaipita Ras Kiamboni jua likishuka. Kwa kuwa safari ilikuwa ndefu kuliko marhala mbili, tulipunguza sala za rakaa nne zikawa mbili, na tukazikusanya. Nchi yetu iko karibu kusini moja kwa moja na Makka, ndiyo maana wazee wakiita upande wa kaskazini kibla. Na sisi tukienda kaskazini-mashariki, kibla ilikuwa mbele, kushoto kidogo kwa omo. Mtu mmoja alishika usukani, wengine wakasali, kisha naye akasali. Chombo kilipogeuka katikati ya sala, tuligeuka pamoja nacho ili tusiiache kibla. Na aliyeshindwa kusimama kwa mrama alisali ameketi. Maji ya kunywa yalikuwa machache, nasi tulitawadha kwa maji ya bahari, ambayo sharia imeyahesabu kuwa tohara. Sijapata kusali sala ambayo niliona udhaifu wangu waziwazi kama alfajiri ile, kiza kikiwa bado, na sauti ya mwamba ikisikika mbali upande wa kushoto.

Kulipopambazuka tulikiona kisiwa kama mstari mweusi juu ya maji. Kijana mwenzangu mmoja alitaka tuingie papo hapo. Mjomba alimwambia, "Subiri, mwanangu. Maji yakiwa yanajaa, ukigusa mwamba yatakunyanyua. Yakiwa yanapwa, yatakuacha juu yake mpaka chombo kipasuke." Tulishusha tanga nusu tukangoja. Siku hiyo ilikuwa mwezi nane, na kwa hesabu yake maji yangejaa kiasi cha saa nne asubuhi. Saa tatu, jua likiwa limepanda nyuma yetu, rangi za bahari zilidhihiri zote: buluu iliyokoza ndiyo kina, kijani ndiyo mchanga, na hudhurungi ndiyo jiwe. Baharia mmoja alipanda mlingotini akawa anaita rangi, mjomba akishika usukani mwenyewe. Tulipita katika mlango ambao upana wake haukufikia urefu wa majahazi matatu. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini tuliondoka mwezi sita na si siku nyingine. Maji mafu, maji yanayojaa, na jua mgongoni hukutana asubuhi ya siku chache tu katika mwezi, naye alikuwa amezihesabu siku hizo akiwa nyumbani, juma zima kabla.

Tulifika tukawakuta watu wanajitayarisha kufunga Tasua na Ashura, tukafunga pamoja nao. Mjomba alikwenda zake Kismayo; mimi nilibaki Chula hata kaskazi lilipoingia.

Miezi hiyo ilinifundisha mengi, na kubwa lake ni habari ya maji matamu. Katika kisiwa cha matumbawe hapana chemchemi. Mvua inyeshapo hupenya katika jiwe lenye matundu, ikakaa juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko maji ya bahari. Kwa hiyo chini ya miguu ya watu maji matamu yaelea juu ya maji ya chumvi, na kisima hupanda na kushuka pamoja na bahari iliyo nje. Mtu akiteka polepole na kwa kiasi hupata maji ya kunyweka. Akiteka kwa pupa, chumvi hupanda kutoka chini, na kisima huharibika kwa watu wote. Hivyo kila nyumba ilijua zamu yake na kiasi chake, na maji ya mvua ya birika la msikiti hayakuguswa ila kwa haja yake. Mwalimu wangu alitufundisha hapo mlango wa israfu, ya kwamba haifai kupoteza maji hata katika udhu, na hakuhitaji maelezo marefu. Alituonyesha kisima kimoja kilichoharibika, akatwambia tuonje.

Mwalimu huyo alikuwa mvuvi pia. Asubuhi alitusomesha, na maji yakipwa alikwenda mwambani. Katika ukuta wa chuo alikuwa ameandika miongo kwa makaa, na kila siku kumi mwanafunzi mmoja alitia alama. Hakuiona kazi hiyo kuwa nje ya dini. Alisema kwamba mtu asiyejua maji hawezi kuwalisha watoto wake, na asiyejua upepo hawezi kurudi kuwalea.

Mwezi wa Januari 1991 serikali ya Somalia ilianguka, na vita vikafika Kismayo na visiwani. Wabajuni hawakuwa na silaha wala kabila kubwa la kuwatetea. Waliporwa vyombo na mali, na wengi waliuawa na kudhulumiwa. Walioweza walipanda majahazi na mashua wakaja kusini. Mwenyezi Mungu alijaalia miezi ile ya kwanza iwe ya kaskazi, upepo ukiwasukuma kuja kwetu. Wengine waliteremka Lamu, wengine Malindi, na wengi walifika Mombasa wakawekwa katika kambi ya Jomvu. Na wengine bahari iliwachukua. Mimi nilikuwa nimekwisha kuanza kusomesha. Nilikwenda pwani kupokea watu, nikamwona mke wa mwalimu wangu akiteremka na watoto wawili, na mwalimu hayumo. Sikumwuliza, naye hakusema.

Tangu siku hizo imepita zaidi ya miaka 30. Baadhi ya wenyeji wamerudi visiwani, wengi wamebaki Kenya, na wengine wameenda mbali hata Ulaya na Marekani. Simshauri mtu leo afunge safari ile niliyoifunga mimi, kwa kuwa amani ya huko haijatengenea. Bahari yenyewe nayo imepatwa. Mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yalikufa yakabaki meupe kama mifupa. Lakini hasara ninayotaka kuisema hapa ni nyingine. Ni kwamba watoto waliozaliwa baada ya safari ile ya kukimbia hawajui Nairuzi ni nini. Huuona mwezi wakajua kesho ni Ramadhani, basi; hawajui kwamba mwezi huohuo wawaambia maji yatajaa saa ngapi. Wala si watoto wa visiwani peke yao. Wa Faza, wa Lamu na wa Mombasa ni hao hao.

Kwamba elimu yaweza kufa kabisa, tunao mfano. Wabajuni na watu wa Pate walikuwa na chombo kiitwacho mtepe. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za kumbi, hapana msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Vyombo hivyo vilikwenda katika pwani hii karne nyingi. Leo hapana fundi aliyerithishwa kazi hiyo mkono kwa mkono. Mwaka 2003 ulijengwa mtepe mmoja Unguja kwa ajili ya makumbusho, na hiyo ni kazi ya kushukuriwa. Lakini chombo kikihamia makumbusho, ujue kimekwisha kuhama katika maisha ya watu.

Atasema mtu, "Siku hizi ziko mashine, na simu zenye ramani, ya nini kuhesabu miongo?" Mimi sizipingi mashine, nazo ni katika neema za Mwenyezi Mungu. Lakini sikiliza lililotokea kwetu miaka michache nyuma. Vijana wanne walitoka kuvua katikati ya kusi kwa mashua ya mashine. Mashine ilizimika nje ya mwamba, na simu zikaisha moto. Watu walitoka kuwatafuta pale walipozoea kuvua, siku nzima, wasiwaone. Usiku tulikwenda kwa mzee mmoja aliyekuwa amepita miaka 80, asiyeweza tena kutembea. Aliuliza mambo matatu: waliondoka saa ngapi, mwezi ni wa ngapi, na upepo umevuma vipi tangu jana. Kisha akasema, "Kusi livumapo mkondo wa nje huenda kibla. Wafuateni upande wa Kiunga, nje ya mwamba, wala msitazame huku tena." Asubuhi ya siku ya tatu walipatikana upande huo, wamechoka na midomo imepasuka, lakini wote wako hai. Mzee yule alifariki mwaka uliofuata. Siku ya maziko yake nilijaribu kuhesabu ni wangapi waliobaki mjini wawezao kujibu kama alivyojibu yeye, na hesabu yangu haikufika watano.

Sasa na tuitazame sharia. Wanavyuoni wametufundisha kwamba ziko faradhi za kila mtu, kama sala na saumu, na ziko faradhi za kutoshelezana, ambazo wakizisimamia baadhi ya watu huwaondokea wengine, na wakiziacha wote hupata dhambi wote. Tumezoea kutoa mfano wa sala ya maiti. Lakini Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, yaani 1111, alizitia katika faradhi hizo elimu ya tiba na hesabu, hata kazi za mikono kama ukulima na ufumaji, kwa kuwa watu hawawezi kuishi bila ya hizo. Na watu wa mwambao, ambao chakula chao na njia yao ni bahari, wataishije bila ya mtu aijuaye? Ahmad bin Majid, baharia mashuhuri wa Julfar aliyeandika vitabu katika karne ya 15, aliiona elimu ya bahari kuwa elimu kamili yenye kuandikwa na kusomeshwa, na njia za pwani yetu hii hadi Sofala alizieleza. Wazee wetu hawakuziandika zao. Waliziweka vichwani na vinywani, na amana ya namna hiyo hufa pamoja na mwenyewe asipopatikana wa kuipokea.

Katika chuo changu nimeanzisha jambo dogo, nalo laweza kufanywa na kila nyumba. Kila mtoto ana daftari. Kila Alhamisi huandika tarehe ya mwezi wetu wa Kiislamu, saa anayodhani maji yatajaa, na upepo utokako. Kisha twashuka pwani kutazama nani amepata. Wasichana wamo sawasawa na wavulana. Baada ya miezi mitatu hapana mtoto aliyekosea kwa zaidi ya nusu saa, na mwezi wa Hijria, ambao zamani waliukumbuka Ramadhani tu, sasa wanaujua mwaka mzima.

Msichana mmoja, ambaye nyanya yake alizaliwa Chovai, alikwenda nyumbani akamwuliza bibi huyo habari ya miongo. Bibi alikuwa hajapata kukitaja kisiwa tangu alipokikimbia, kwa yale aliyoyaona. Siku ile alinyamaza. Siku ya pili alimwita mjukuu wake, akamhesabia miongo yote kwa vidole, na upepo wa kila mwongo, na samaki wake. Mtoto aliniletea kurasa sita. Katika kurasa hizo mna mambo ambayo mwalimu wangu wa Chula hakupata kunifundisha.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako yuko mzee aliyepata kushika usukani, au bibi aliyekuwa akingoja chombo cha mumewe kwa kuhesabu siku, keti naye usiku wa leo baada ya Isha. Muulize maji hujaa lini, upepo hubadilika lini, njia ya visiwani huingiwa vipi, na uyaandike ayasemayo kwa maneno yake mwenyewe. Usingoje Ijumaa wala usingoje sikukuu, maana wao hawana miaka mingi. Na mtoto wako awe karibu asikie, apate kuwa mmoja katika wale watakaotuondolea dhima hii.

Mwenyezi Mungu awarehemu manahodha wetu waliotangulia na wale ambao bahari iliwachukua, awarudishe salama majumbani waliofukuzwa makwao, na atujaalie kuzifikisha amana kwa wenyewe. Amin.